Mkono Unaouliza Kwanza

Maumivu yalianzia chini ya mfupa bapa wa bega la kushoto, yakapanda shingoni, na ilipofika Ijumaa mtu akiniita nilikuwa nageuka mwili mzima kama niliyejitwika ndoo ya maji. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu. Nakaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi, na jioni nasimama ndani ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, nimening'inia kwa mkono huohuo. Mwenzangu kazini alinitazama nikihangaika kuinua kikombe cha chai, akasema, "Pole dada. Tafuta mtu akuchue."

Kusema ni rahisi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ukitoka Sinza ukapita Mwenge mpaka Mikocheni utalisoma neno masaji kwenye vibao vya kila rangi: juu ya saluni, kando ya jimu, ghorofa ya pili ya nyumba ya maduka, kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya umeme ikiwa na namba ya simu na picha ya mgongo wa mtu usiyemjua. Vibao ni vingi, mikono ni michache. Ilinichukua miezi mitano kuupata mkono mmoja, na tangu niupate nimekuwa na hamu ya kuuandika, maana naona hii ni kazi tunayoipita kila siku bila kuitazama.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa mjini analijua, nami sitalizunguka. Neno lenyewe limechafuliwa. Mwanamume akisema anakwenda kufanyiwa masaji, wenzake wanachekeana pembeni. Mwanamke anayeishi kwa kazi hiyo akiulizwa na ndugu zake anafanya kazi gani, anajibu, "Niko saluni." Zipo nyumba zinazouza kitu kingine kwa jina hilo, na wa kwanza kuumia ni wale wanaokanda kweli.

Wala fedheha hiyo haikuzaliwa kwetu. London mwaka 1894 magazeti yalijaa habari za nyumba za masaji zilizokuwa madanguro. Wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakukaa kulalamika. Mwaka huohuo waliunda chama cha wanawake waliosomea kukanda, wakaweka mitihani na masharti makali: usimkande mtu bila maelekezo ya daktari, usitangaze kazi yako ila katika majarida ya kitabibu, usimuuzie mgonjwa dawa. Kutoka kwenye chama hicho ndipo kilipotokea chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza cha leo. Ninapoona mtu anayetengeneza bega la mgonjwa Muhimbili akiwa na koti jeupe na heshima zake, nawakumbuka wale wanne. Rosalind Paget alikuwa pia mkunga, na hilo lina maana kwangu, kama utakavyoona.

Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa pazuri kwa macho. Mishumaa, petali za waridi ndani ya bakuli la maji, muziki wa filimbi. Msichana aliyenipokea alikuwa na adabu sana, lakini hakuniuliza ninaumwa wapi. Alimimina mafuta katikati ya mgongo wangu, yakiwa ya baridi, na kwa dakika sitini alipitisha mikono juu na chini kwa mwendo mmoja kama anayefuta meza baada ya wageni kuondoka. Simlaumu. Alifundishwa mpangilio wa hatua na aliufuata wote. Nilitoka nimenukia, na bega likiwa vilevile.

Mahali pa pili nilipelekwa na sifa za mtu mwenye nguvu. Jamaa alikuwa na viganja kama makasia. Alinishika kidevu na kisogo, akaniambia nilegee, na kabla sijavuta pumzi akaizungusha shingo mpaka ikalia. Watu wengi wanaupenda mlio huo. Wanadhani ni mfupa umerudi mahali pake. Kwa siku mbili sikuweza kulala kwa kichwa. Baadaye daktari alinieleza kwamba ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni, na kwamba msokoto wa ghafla unaweza, ingawa si mara nyingi, kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda pale, na mtu akapata kiharusi. Tangu siku hiyo sijamruhusu mtu aizungushe shingo yangu kwa kushtukiza, na ningeomba msomaji naye asiruhusu.

Aliyenielekeza hatimaye ni fundi wangu wa cherehani Kariakoo. Nilikwenda kuchukua gauni, akaniona ninavyolipokea kwa mkono mmoja. Hakuuliza mengi. Alisema, "Sisi mafundi tunakwenda kwa mama mmoja Mwananyamala. Mgongo huu una miaka ishirini na mbili kwenye kiti hiki, na bado unakunjuka." Akasimama, akainama, akagusa vidole vya miguu.

Nilijiona mjinga kwa kutowahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nimeuliza watu wanaokwenda kupumzika, wakanielekeza mahali pa kupumzikia. Ningeuliza tangu mwanzo watu ambao mwili wao ndio chombo cha kazi: fundi cherehani, mpiga ngoma, mchezaji wa mpira wa ligi za mtaani, kuli wa gunia la kilo mia. Hao hawawezi kulipia mkono usiofanya kazi. Kesho asubuhi mgongo wao utawaambia kama pesa imepotea.

Nyumba yenyewe ni ya bati, ina uzio wa michongoma na mlango wa pembeni. Hakuna kibao. Chumba kimepakwa chokaa jana au juzi, daima kinaonekana hivyo. Kuna dirisha lenye pazia zito, feni ya kusimama iliyogeuziwa ukutani ili upepo ufike umechoka, beseni la kunawia, sabuni ya kipande, na kanga zilizofuliwa zimekunjwa kwenye rafu kama vitabu. Katikati kuna kitanda cha mbao chenye godoro gumu. Miguu ya kitanda hicho ilikatwa na seremala kwa kipimo cha mwenye nacho: akisimama wima mikono imening'inia, mafundo ya vidole vyake yanagusa godoro. Kikiwa juu zaidi, atakanda kwa mabega na yatamuuma yeye. Kikiwa chini zaidi, atainama na kiuno chake kitakwisha. Ukiingia mahali ukaona kitanda kirefu kimenunuliwa kwa sababu kilikuwepo dukani, jua mwenyeji bado hajafika mbali katika kazi hii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usikae kwanza. Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Kidole kimoja. Nilikuwa nimezoea kupunga kiganja chote kuelekea begani na kusema "huku kote". Alinisubiri mpaka nikapata kidole na kidole kikapata mahali. Kisha yakaja maswali, akiyaandika kwenye daftari la shule lenye mistari: presha? sukari? umefanyiwa upasuaji? una mimba, au inawezekana unayo? unatumia dawa ya kuyeyusha damu? ulianguka? mguu wowote umevimba ukawa wa moto? Hilo la mwisho nilishangaa linahusu nini na bega. Akanieleza bila haraka kwamba damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, kuuchua mguu huo kunaweza kuling'oa bonge likasafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa. Amewahi kuwarudisha watu wawili mlangoni na kuwaambia waende hospitali siku ileile. Mwenye homa hamgusi. Ganzi inayoshuka mkononi au mguu unaoishiwa nguvu, anakuelekeza kwa daktari kabla hujavua kiatu.

Ameniomba nisimtaje jina, na nitaliheshimu hilo. Ni mzaliwa wa Pemba. Mikono yake ilianza kazi akiwa msichana, akimsaidia shangazi yake kusinga maharusi: liwa iliyosagwa na kuchanganywa na marashi, asumini, mlangilangi na mawaridi, mwili mzima wa bi harusi ukisuguliwa siku baada ya siku mpaka ngozi iwe kama hariri. Baadaye alifanya kazi miaka saba katika hoteli Unguja, na huko mwalimu aliyetoka Thailand akamfundisha kukanda kwa Kithai, mtu akiwa amevaa nguo zake, amelazwa kwenye mkeka, bila mafuta, mkandaji akitumia dole gumba, kiwiko, goti na hata unyayo. Thailand ufundi huo una makao yake ya heshima, hekalu la Wat Pho jijini Bangkok, ambako mfalme Rama III aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mawe ya marumaru katika miaka ya 1830 ili mtu yeyote aweze kuisoma. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ninapofikiria mawe yale, najiuliza ya shangazi wa Pemba yamechongwa wapi. Yamo ndani ya mikono ya mpwa wake, basi.

Mimi nilikulia Tanga, Ngamiani, kwa bibi aliyekuwa mkunga. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, bibi aliitwa kumkanda. Maji ya moto kwenye sufuria, kitambaa kizito, mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, na mlango umefungwa. Nilikuwa mdogo, nikitumwa kuleta maji, kwa hiyo niliona. Bibi aliweka kiganja juu ya tumbo la mzazi na kukiacha hapo kimya, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amesahau. Hakuwa akitazama mikono yake. Alitazama uso wa mama yule. Jicho likijikunja kidogo, mkono ulikuwa umeshapungua uzito kabla mtu hajasema kitu. Na alikuwa na mipaka yake: mzazi aliyejifungua kwa upasuaji, bibi alimkalia kitako akazungumza naye, akamwogesha mtoto, lakini tumbo hakuligusa. "Huyu kashonwa," alisema. "Mwacheni apone."

Lugha yetu yenyewe inaonyesha kwamba watu wa pwani waliufikiria mkono kwa makini. Kuchua ni kusugua kwa mafuta pale penye maumivu, kwenye mguu ulioteguka au misuli iliyokaza. Kukanda ni kubonyeza kwa uzito na kuachia, kama unga wa chapati, na ndilo neno la mzazi na maji yake ya moto. Kusinga ni kupaka na kusugua kwa manukato, ni kazi ya uzuri na ya furaha. Kuminya ni kwa vidole. Kupapasa ni kutafuta kwa ncha za vidole kitu ambacho macho hayakioni. Ulaya kazi hizi zina majina ya Kifaransa, effleurage, pétrissage, tapotement, majina ambayo kwa kawaida huhusishwa na daktari Mholanzi Johan Georg Mezger aliyeishi kati ya 1838 na 1909. Huko Stockholm, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mwaka 1813, na ndiyo maana vibao vya Masaki leo vinatangaza masaji ya Kiswidi. Sina ugomvi na majina hayo. Lakini mkandaji anayejua tofauti ya kuchua na kukanda tayari amepewa nusu ya somo na mama yake mzazi, kabla hajalipia kozi.

Na mji wa pwani kuwa na mahali pa kulipia ili mwili upumzike si jambo la juzi. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu kwa ajili ya watu wote, na mtaa ule unaitwa Hamamni mpaka leo ingawa maji yake yalikauka karibu mwaka 1920.

Sasa nije kwenye kitanda chenyewe.

Nililala kifudifudi, nimefunikwa kanga mbili. Kwa dakika nzima hakufanya lolote isipokuwa kuweka kiganja kimoja kati ya mabega, juu ya kanga, na kingine chini kiunoni. Nikasikia pumzi yangu inagonga kiganja chake. Pumzi ya tatu au ya nne ilikuwa ndefu kuliko zile za mwanzo, na hapo ndipo alipoanza. Alikunja kanga mpaka kiunoni, sehemu anayoifanyia kazi tu. Zilizobaki zilikaa zimefunikwa saa nzima. Mafuta, ya nazi yenye tangawizi kwa mbali, aliyamimina katika kiganja chake mwenyewe na kuyasugua mpaka yapate joto. Sikusikia tone la baridi hata moja.

Mikono ilipanda pembeni mwa uti wa mgongo, si juu ya mifupa yake, ikafika shingoni, ikajigawa mabegani, ikashuka kwa nje ya mbavu na kurudi. Ilikwenda taratibu sana. Nilikuwa na muda wa kufikiri itafika wapi, na ikafika hapohapo. Baadaye nilisoma kwamba katika ngozi yetu yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva zinazopeleka habari polepole, ambazo huitika zaidi mguso ukitembea kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde; ukienda kasi kuliko hapo, au ukijikokota mno, mwitikio wake hupungua. Wanasayansi wa Sweden, Håkan Olausson na wenzake, wametumia miaka mingi kuzichunguza. Nikachukua rula nikajipimia kwenye mkono wangu, nikihesabu sekunde. Mwendo wa yule mama ulikuwa humohumo ndani. Na wa bibi, kama kumbukumbu hainidanganyi, ulikuwa humohumo.

Kitu kingine nilikitambua ziara ya tatu tu. Mikono yake haiondoki yote kwa pamoja. Akitaka kuongeza mafuta, mkono mmoja unabaki umelala mgongoni mpaka mwingine urudi. Akizunguka kitanda, vidole vinamfuata juu ya kanga. Mtu aliyelala kifudifudi haoni kitu. Mkono ukitoweka anaanza kuusubiri, na anayesubiri kuguswa anakaza. Hakuna anayeweza kukuambia sababu hiyo akiwa amefundishwa kwa wiki mbili. Inabidi uwe umekanda watu wengi mpaka migongo yao ikufundishe.

Wala hasukumi. Anaegemea. Mguu mmoja umetangulia, mwingine nyuma, magoti yamelegea, na uzito unatoka nyayoni kupitia kiunoni mpaka kwenye sehemu nene ya mkono chini ya kiwiko. Ndiyo maana mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu anaweza kufika ndani ya mgongo wa kuli wa Kariakoo bila kutoa jasho. Wakandaji wengi huharibu madole gumba yao ndani ya miaka michache kwa kuyafanyisha kazi ya mwili mzima. Nilimuuliza yeye kwa nini yake ni mazima. Akasema, "Dole gumba ni la kuulizia. Si la kubebea."

Na liliuliza. Lilikuja likitembea kwenye ukingo wa mfupa wa bega, nusu sentimita, nusu sentimita, likasimama upana wa vidole viwili kutoka pale nilipokuwa nimeonyesha. Pale palikuwa na fundo kama kokwa ya ubuyu chini ya ngozi. Alipoligusa, maumivu yalijibu shingoni na nyuma ya sikio. Nilishangaa, mahali panapouma na mahali penye kosa vilikuwa ni nyumba mbili.

"Kati ya moja na kumi?"

"Saba."

Hakulivamia. Yule wa makasia angelisaga kwa kiwiko mpaka nilie, na msuli ukishambuliwa unajikunyata zaidi kama konokono. Mama alibonyeza mpaka ukingoni tu mwa maumivu, akatulia. Feni ilizunguka. Nje mtu alipita akiuza mihogo. "Sasa?" Nne. Akaingia kidogo zaidi, akatulia tena. Ilipofika mbili aliondoka, ingawa nilitaka aendelee. "Hilo halimalizwi leo," alisema. Kisha akanigeuza chali, akanifunika vizuri, akaanza kufanya kazi chini ya mtulinga, juu ya kanga, kwenye misuli ya kifua. Sikuelewa. Akaniambia nikae kama ninavyokaa kazini, nikajikunja kuelekea kompyuta ambayo haikuwepo, na mabega yakaja mbele yenyewe. Misuli ya kifua imefupika kwa kukaa hivyo mwaka baada ya mwaka. Ya mgongoni inavutwa mchana kutwa kama kamba ya jahazi. Inalia ya nyuma kwa sababu ndiyo inayovutwa. Miezi mitano watu walikuwa wanakanda panapolia.

Lazima niseme pia yale ambayo hayasemi. Hajawahi kuniambia kwamba anatoa sumu mwilini. Maneno hayo yako kwenye vipeperushi vingi mjini, na si kweli. Sumu ni kazi ya ini na figo. Wala hakandi ili kutoa asidi ya misuli baada ya mazoezi, kwani ile ya laktiki huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakamkanda kila mmoja mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha wa pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli na kuvipima. Asidi ilikuwa sawa kwenye miguu yote miwili. Lakini katika mguu uliokandwa dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa zimepungua, na seli zilionyesha ishara za kujijenga upya. Hilo linanitosha. Kazi hii ina ukweli wake wa kutosha, haihitaji kuongezewa uongo. Mahali wanapokuahidi kuponya sukari, kuondoa kitambi au kusafisha damu, geuka urudi ulikotoka.

Nimemtazama akifanya kazi taa ikiwa imekatika. Hakuwasha mshumaa, hakuchelewa hata kidogo. Nikakumbuka Japani, ambako kwa mamia ya miaka kukanda kulikuwa kazi ya vipofu. Sugiyama Waichi, aliyeishi kati ya 1610 na 1694, hakuwa anaona. Alikuja kuwa tabibu wa mtawala wa nchi, na akafungua shule ambako vipofu walisomea kuchoma sindano na kukanda. Korea Kusini hadi leo leseni ya kukanda hutolewa kwa wasioona pekee, na Mahakama ya Katiba ya huko iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2008. Si huruma tu. Mtu aliyezoea kuisoma dunia kwa vidole anajua kuwa mguso ni wa kupokea kwanza, kutoa baadaye. Bibi yangu aliona vizuri, lakini hakuyapeleka macho yake mikononi. Mikono aliiachia kazi yake.

Malipo yake ni shilingi 35,000 kwa saa. Hapokei zaidi ya watu wanne kwa siku. Wateja wakifika watano, wa tano anapewa chai na siku nyingine. Niliwahi kumwambia angeweza kukodi chumba kikubwa Mikocheni, akaajiri wasichana, akaweka kibao. Alitafakari kwa heshima, kana kwamba hajawahi kulisikia wazo hilo, ingawa najua amelisikia mara nyingi. "Nitamfundisha mmoja," alisema. "Akipatikana anayeweza kukaa kimya." Sasa yupo msichana wa jirani, anakuja alasiri. Kwa mwezi wa kwanza kazi yake ilikuwa kufua kanga, kupasha mafuta, na kuweka kiganja mgongoni mwa mteja aliyeridhia, bila kukisogeza, kisha kusema anachokisikia. Nilimruhusu akiweke mgongoni mwangu. Kilikuwa kiganja chepesi, chenye wasiwasi. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, "Kushoto kuna joto kuliko kulia." Mama hakumsifu. Alikuja, akaweka chake palepale, akaitika kwa kichwa.

Jumamosi iliyopita nilimaliza, nikanywa maji, nikavaa, nikatoa simu kupanga siku ya wiki ijayo.

"Wiki ijayo usije," alisema. "Njoo baada ya wiki sita. Kila ukimaliza ukurasa mmoja kazini, simama mlangoni, shika fremu pande zote mbili, sogeza kifua mbele, hesabu ishirini. Na kwenye basi badilisha mkono."

Akafungua daftari. Kila ninapofika huchora umbo la mgongo kwa kalamu, mistari michache tu, na kutia alama ya msalaba penye shida. Alirudisha kurasa nyuma kutafuta ule wa kwanza, nikauona: misalaba saba, mmoja umekolezwa wino mara mbili. Akageukia wa leo. Kulikuwa na miwili, midogo. Msichana alisogea kutazama, na mama akamsukumia daftari na kalamu ili aandike tarehe.